Kuchanga pamoja na Wahaiti wa ughaibuni kwa ajili ya kwao: mwongozo wa anayeanza

Kila nikitaja kwamba nashika daftari la hesabu la chama cha Wahaiti, naulizwa maswali yaleyale. Nianzie wapi? Pesa zipitie wapi? Kwa hali ile ya magenge, kuna mradi unaowezekana kweli? Tangu polisi wa Kenya watue Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, maswali yameongezeka, na mengi hunifikia kama sauti za WhatsApp za dakika saba, usiku, nikitoka zamu. Nimeamua kuandika mara moja.

Mwongozo huu ni wako kama unaishi au unafanya kazi na Wahaiti, iwe Massachusetts, Florida, Montreal au Paris, na mmefikia mahali pa kusema, "tufanye kitu huko kwenu." Sisi tunaotunza wazee hapa Massachusetts tunaijua zamu ya usiku ilivyo: Mkenya, Mganda, Mkongomani na Mhaiti kwenye korido moja. Na kama umetoka Congo, uliza wazazi wako. Baada ya uhuru wa 1960, walimu na madaktari wengi wa Haiti walikwenda kufanya kazi huko, na kuna wazee waliofundishwa hesabu na Mhaiti.

Nadharia ni fupi. Wahaiti walio nje wanatuma nyumbani zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka, karibu sehemu moja ya tano ya uchumi wote wa nchi. Pesa hizo zinaishia kwenye chakula, ada, kodi ya nyumba, dawa na maziko. Kwa hiyo hakuna Mhaiti anayekusubiri wewe umfundishe kukumbuka kwao. Unachoweza kufanya ni kusaidia kipande kidogo cha ukarimu huo kikae pamoja, kifanye jambo ambalo familia moja haiwezi, bila kumpunguzia bibi wa mtu hela ya dawa. Ukisahau hili, hatua zote zitakazofuata zitakushinda.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mhaiti mmoja anayekuamini, na aliye mzawa wa mji mnaotaka kuusaidia. Rafiki tu hatoshi.
- Kreyòl ya salamu, na mtu wa kukutafsiria mazungumzo mazito. Kreyòl na Kifaransa zote ni lugha rasmi tangu katiba ya 1987, lakini Kreyòl ndiyo ya kila mtu. Tangazo la Kifaransa kitupu linawaambia nusu ya ukumbi kwamba hawakualikwa.
- Watu watatu walio kule mjini, wenye simu, wasio wa ukoo mmoja.
- Akaunti ya benki kwa jina la chama, inayotoa pesa kwa sahihi mbili.
- Daftari la karatasi. Kompyuta baadaye.
- Miezi mitatu ambayo hutamwomba mtu hata senti.

Hatua ya 1: Jua ni Wahaiti wa wapi

Usitafute "diaspora ya Haiti." Haiko mahali pamoja. Kuna waliokaa Brooklyn tangu enzi za udikteta wa akina Duvalier, kuna wauguzi wa Montreal, kuna wajenzi walioko Jamhuri ya Dominika, kuna waliokwenda Brazil baada ya tetemeko la 2010 kisha wakasogea hadi Chile. Kila kundi lina uwezo wake na machungu yake.

Swali linalofungua mlango ni hili: *Ou se moun ki kote?* Wewe ni mtu wa wapi? Jibu halitakuwa "Haiti." Litakuwa Jérémie, Gonaïves, Aquin, Port-de-Paix, na mara nyingi litashuka hadi kitongoji. Hapo ndipo mchango ulipo. Mtu atachangia paa la shule aliyosoma kabla hajachangia "maendeleo ya elimu."

Ukishajua mji, tafuta chama chake. Miji mingi ya Haiti ina chama cha wazawa walioko nje, kingine kina watu kumi na wawili na simu moja. Kikiwepo, jiunge nacho au kitumikie.

Angalia: kosa la kwanza la wageni wote ni kuanzisha shirika jipya lenye nembo nzuri. Utakuwa umewagawa watu kabla hujawasaidia, na wazee hawatakwambia. Watakuja kikao cha kwanza, watakula, watapiga picha, na hutawaona tena.

Hatua ya 2: Kaa vikao vitatu, mdomo umefungwa

Nenda ubebe viti. Osha sahani. Mwite mzee kwa heshima ya pale. Kanisani utasikia *frè* na *sè*, mwalimu na mwanasheria huitwa *mèt*. Sikiliza wanavyogombana, maana hapo ndipo utakapojifunza nani ana neno na nani ana kelele.

Utasikia kutoaminiana kwingi, na kuna sababu. Mwaka 2011, chini ya Rais Michel Martelly, serikali ilianza kukata dola 1.50 kwenye kila pesa inayotumwa Haiti na senti 5 kwa kila dakika ya simu kutoka nje, kwa ahadi ya elimu ya bure. Waulize wajumbe wa chama chako kama waliwahi kuridhika na hesabu yake. Mwaka 2018 vijana waliingia barabarani wakiuliza *Kot kòb Petwo Karibe a?*, ziko wapi pesa za PetroCaribe, zile zilizotokana na mafuta ya mkopo wa Venezuela. Ongeza ahadi kubwa zilizotolewa baada ya tetemeko la Januari 2010. Ukisimama na bakuli la mchango leo, umesimama mwisho wa foleni ndefu ya waliotangulia na bakuli kama hilo.

Kuna kidonda kingine. Kwa miaka mingi katiba ya 1987 haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Aliyechukua pasipoti ya Marekani alihesabika amejiondoa. Marekebisho yaliyochapishwa 2012 yalilegeza jambo hilo, lakini waliokuwa watu wazima wakati ule hawajasahau. Wakati huohuo Wahaiti wa nje walikuwa wakiitwa *dizyèm depatman*, mkoa wa kumi, jina lililoenea enzi za Rais Aristide wakati nchi ilikuwa na mikoa tisa. Mwaka 2003 Nippes ikawa mkoa wa kumi halisi, na utani ukazaliwa kwamba hata nambari yao wamenyang'anywa. Cheka nao, lakini usiuanzishe wewe.

Kama ni Mkenya, jiandae kuulizwa kuhusu polisi wenu. Maoni yao ni mchanganyiko: wapo wanaoshukuru, wapo wanaosema nchi yao imechoshwa na majeshi ya wageni. Usitetee, usishambulie. Sema ulikotoka, sema uko pale kubeba viti.

Hatua ya 3: Uliza mji wenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumbuka.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, mjini Brockton hapa Massachusetts, sahani za griyo (nguruwe wa kukaanga) na pikliz (kachumbari kali) mezani, tukijadili kuchimba kisima kipya katika kijiji kimoja cha kusini. Michoro ilikuwa tayari, na mimi ndiye niliyeichapisha kwa rangi. Mzee mmoja akachoka kunisikiliza, akapiga simu ya video kwa shangazi yake. Yule mama akatembea na simu hadi kwenye pampu ya zamani, akashika mkono wa pampu, akausukuma chini na juu mara nne. Ulikuwa mwepesi kama wa mwanasesere, na halikutoka hata tone. Akaiegemeza simu kwenye jiwe, tukawa tunaona viatu vyake tu, akasema: maji yapo, kilichokufa ni kipira cha ndani, na aliyeifunga pampu hii baada ya tetemeko aliondoka na spana zake.

Kisima tulichokuwa tukikipangia maelfu ya dola kilikuwa kimesimama pale miaka yote. Tulinunua vipira, tukamlipa fundi kutoka mji wa Les Cayes siku mbili, akawafundisha vijana wawili wa palepale kuibomoa pampu na kuirudisha. Michoro bado ninayo kwenye droo.

Basi, kabla ya bajeti:

1. Piga simu za video, si za sauti. Omba uonyeshwe kitu chenyewe.
2. Uliza watu wa nafasi tofauti: mjumbe wa baraza la kata ya kijijini, anayeitwa KASEK; mwalimu mkuu au padri; kiongozi wa chama cha wakulima; na mwanamke anayefanya biashara sokoni. Huyu wa mwisho usimruke. Wale akina mama wanaozungusha mazao kati ya vijiji na miji, *madan sara*, wanajua bei na barabara kuliko mtu yeyote mwenye ofisi.
3. Uliza nini kilijaribiwa zamani na kwa nini kilikufa.
4. Uliza wao wataweka nini. Haiti ina *konbit*, watu kukusanyika kulima au kujenga kwa zamu, ngoma na chakula juu ya mwenye shamba. Mtanzania atasema msaragambo, Mkenya atasema harambee. Kijiji kikitoa mawe, mchanga na nguvu, mradi una wenyewe.

Hatua ya 4: Chagua kitu kinachokwisha

Mradi wa kwanza uwe mdogo kiasi kwamba utakamilika kabla watu hawajachoka. Paa la madarasa mawili. Tanki la kuvuna maji ya mvua. Taa za jua za zahanati. Mishahara ya walimu isiwe mradi wa kwanza, kwa sababu haina mwisho, na siku mkishindwa mtakuwa mmefunga shule.

Andika bajeti kwa gourde, pesa ya Haiti, kisha uibadilishe kwa dola. Na hapa kuna mtego ambao lazima uujue. Watu wengi Haiti huhesabu kwa "dola ya Haiti," na dola hiyo haipo. Hakuna noti yake. Ni desturi ya zamani ya kuita gourde 5 dola moja. Fundi akisema kazi ni dola 1,000, anaweza kuwa anamaanisha gourde 5,000, ambazo kwa kiwango cha karibu gourde 130 kwa dola ya Marekani ni dola 38 na ushee. Uliza kila mara: dola ya Haiti au dola ya Marekani? Kisha andika gourde. Nimeona kikao kikivunjika kwa sababu upande mmoja ulidhani umeibiwa na upande wa pili ukadhani umefanyiwa ubahili.

Tenga kipande cha bajeti kwa matengenezo tangu siku ya kwanza, na spea zinunuliwe pamoja na kifaa.

Angalia: kule Haiti neno *dyaspora* ni jina la mtu pia. Akifika mmoja dukani, wanasema *dyaspora a rive*, na bei inapanda hapohapo. Manunuzi yafanywe na watu wa mji, na jina la chama cha nje lisitajwe mpaka mabati yawe yamepakiwa.

Hatua ya 5: Changisha kwa kalenda yao

Kuna miezi ya kuomba na miezi ya kunyamaza. Agosti hadi Oktoba nyamaza: shule zinafunguliwa Haiti, na kila mjumbe ana watoto watatu au wanne wa ndugu zake wanaosubiri ada, viatu na vitabu. Desemba hali kadhalika.

Mei ni mwezi mzuri. Tarehe 18 ni siku ya bendera, na Wahaiti wa Marekani huufanya mwezi mzima kuwa wao. Karibu na sikukuu ya mtakatifu wa mji pia, kwa sababu kila mji una wake na waliotoka pale hufanya dansi ya konpa, muziki wa kwao, hata wakiwa nje. Tarehe 1 Januari, siku ya uhuru wa 1804, watu hunywa supu ya maboga, *soup joumou*. Njoo, unywe, ubaki na habari za mradi tu. Usipitishe bakuli siku hiyo.

Omba kidogo na mara kwa mara. Watu 40 wanaotoa dola 10 kwa mwezi ni dola 4,800 kwa mwaka, na hakuna aliyeumia. Mtindo wenyewe wanaujua: *sòl* ni upatu, ni kijumbe, ni merry-go-round ya kina mama wa Nairobi. Tofauti ni kwamba safari hii zamu moja ya kupokea ni ya kijiji.

Usihesabu pesa tu. Muuguzi anaweza kuongea na wahudumu wa zahanati ya kwao kila Jumamosi kwa simu. Mhandisi anaweza kukagua picha za nondo kabla zege halijamwagwa, na hiyo ni saa moja inayookoa jengo zima. Kusini ilitikiswa na tetemeko la 7.2 tarehe 14 Agosti 2021, na zaidi ya watu 2,200 walikufa. Dereva wa lori anajua bei za usafirishaji. Waulize watu wanajua kufanya nini kabla ya kuwauliza wana kiasi gani.

Kama unataka kuona diaspora ikiamka kweli, tazama mfereji wa Ouanaminthe. Mwaka 2023 Jamhuri ya Dominika ilifunga mpaka kwa sababu wakulima wa Haiti walikuwa wakichimba mfereji kutoka mto Massacre kumwagilia uwanda wa Maribaroux. Watu waliendelea kuchimba, wengi kwa sururu na koleo, na kauli yao ikawa *Kanal la p ap kanpe*, mfereji hausimami. Wahaiti wa Miami, New York na Montreal walituma pesa bila kuhubiriwa. Kila jioni waliona kwenye simu mita ambazo hazikuwepo asubuhi.

Hatua ya 6: Mambo ya karatasi

Haya yanachosha, kwa hiyo haraka. Marekani, sajili chama jimboni kama shirika lisilo la faida. Ukitaka wachangiaji wapate nafuu ya kodi, omba hadhi ya 501(c)(3). Chama kidogo, ambacho kwa kawaida mapato yake hayazidi dola 50,000 kwa mwaka, hujaza fomu fupi iitwayo 990-N kwenye mtandao. Ukiacha kuijaza miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutika yenyewe. Vyama vingi vimekufa hivyo, kwa mweka hazina kuhama nyumba. Canada na Ufaransa zina sheria zao kuhusu pesa za hisani zinazotumika nje, muulize mhasibu wa hukohuko.

Hatua ya 7: Tuma pesa, usitume vitu

Mwaka wa kwanza tulijaza mapipa vitabu, viatu na vyombo vya jikoni. Yalikaa bandarini. Karatasi moja ilikosekana, ikapatikana, ikakosekana nyingine, na gharama ya kuhifadhiwa ikaendelea kupanda mpaka ikapita thamani ya mzigo. Sitaki kuizungumzia zaidi.

Hata vitu vikifika, fikiria vinaua nini. Mitumba inaitwa *pèpè* kule, na mafundi cherehani watakwambia imewafanya nini, kama wa Dar au wa Gikomba wangekwambia. Mchele ndio mfano mchungu. Katikati ya miaka ya 1990 ushuru wa mchele wa nje ulishushwa hadi asilimia 3, mchele wa Marekani, *diri Miami*, ukafurika, na wakulima wa bonde la Artibonite wakaanguka. Bill Clinton mwenyewe, aliyekuwa rais wa Marekani wakati ushuru ule ukishushwa, alikiri mwaka 2010 kwamba lilikuwa kosa. Kama ni chakula cha shule, nunua kwa mkulima wa jirani.

Utaratibu wa pesa:

1. Gawa bajeti mafungu matatu au manne. Fungu la pili halitoki mpaka risiti na picha za la kwanza zifike.
2. Tumia benki hadi benki, kwa akaunti ya kamati ya mji yenye sahihi mbili. Tangu 1 Januari 2026 Marekani inatoza asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje kwa fedha taslimu, money order au hundi ya benki (cashier's check). Zinazotoka kwenye akaunti ya benki au kadi ya benki ya Marekani hazimo.
3. Malipo madogo ya vibarua yapite kwenye simu. MonCash inafanya kazi kwa namna ambayo mtu wa M-Pesa ataielewa mara moja, na inaacha kumbukumbu.
4. Usitume kwa jina la mtu mmoja, hata awe mtakatifu. Si kwa kumdhania wizi. Mtu mmoja anayejulikana kupokea pesa kutoka nje yuko hatarini.

Hatua ya 8: Fuata barabara iliyopo, si ya kwenye ramani

Tangu Juni 2021, magenge yamekata barabara kuu ya kusini pale Martissant, mlangoni mwa Port-au-Prince. Novemba 2024 ndege za abiria za Marekani zilipigwa risasi zikiwa kwenye anga la mji huo, na safari kutoka Marekani zikahamia Cap-Haïtien. Kwa hiyo usipange mradi wowote unaotegemea simenti ya kutoka mji mkuu. Nunua Les Cayes kwa kusini, Cap-Haïtien kwa kaskazini, na ukubali kwamba bei ni ya juu.

Usitangaze kiasi cha pesa wala siku ya kulipa kwenye Facebook. Usiweke sura za kamati pamoja na hundi kubwa ya kadibodi, ile picha inayopendwa na wafadhili. Utekaji nyara ni biashara pale. Na usiende mwenyewe "kukagua". Utawalazimisha watu maskini kukulinda.

Hatua ya 9: Toa hesabu kwa sauti

Kila mwezi, ujumbe wa sauti wa Kreyòl usiozidi dakika mbili: tulipokea kiasi hiki, tumetumia hiki, kimebaki hiki. Bandika na picha ya ukurasa wa daftari. Ujumbe huohuo uende kijijini na kwa wachangiaji siku moja. Wakijua namba ileile, hakuna nafasi ya uvumi kukaa katikati. Makosa pia yasomwe. Mwezi tuliotangaza kwamba mifuko sita ya simenti ililowa mvua na kuganda, nilidhani tutakimbiwa, lakini michango iliongezeka.

Mambo yakikwama

*Kamati ya mji imenyamaza wiki mbili.* Usiseme wameiba. Huenda hakuna umeme wa kuchajia simu, mnara umezimwa, au watu wamekimbia. Mpigie mtu wa pili na wa tatu kati ya wale watatu. Ndiyo maana walikuwa watatu.

*Chama kimegawanyika.* Kwa kawaida ni kanisa, siasa au ugomvi wa urithi uliohama nao kutoka nyumbani. Usichague upande, nawe mgeni. Simamisha michango, maliza fungu lililokwisha kutumwa, peleka daftari kwa wazee wa pande zote mbili walisome wenyewe.

*Bei imepanda katikati ya kazi.* Itapanda. Punguza kazi, usipunguze ubora: paa moja zuri badala ya mawili mepesi. Kimbunga Matthew, Oktoba 2016, kiling'oa mabati ya mkoa wa Grand'Anse kama karatasi.

*Kiongozi wa pale anataka "kitu kidogo."* Jibu litoke kwa kamati ya mji, lisitoke nje. Mwalike kwenye uzinduzi, mpe nafasi ya kuongea, msomee hesabu mbele ya watu.

*Wajumbe wameacha kuja vikaoni.* Kama mko Marekani, huenda ni hofu ya karatasi. Hifadhi ya muda, TPS, waliyopewa Wahaiti baada ya tetemeko la 2010, imekuwa vitani tangu serikali ilipotangaza 2025 kuifuta. Hamishia vikao kwenye simu. Usikusanye nakala za vitambulisho, usiandike anwani kwenye orodha. Na usimdai mchango mtu aliyepoteza kazi. Mwachie nafasi yake.

*Vijana waliozaliwa huku hawavutiwi.* Kikao cha saa tatu kinachoanza na hotuba mbili hakinivutii hata mimi. Wape kazi yenye jina: tovuti, video, hesabu za kompyuta. Binti mmoja wa miaka 19 ndiye aliyegundua kwamba tulikuwa tukilipa makato mara mbili kila tunapotuma.

*Pampu imeharibika tena.* Itaharibika. Mpigie mmoja kati ya wale vijana wawili waliofundishwa. Spana ziko kwa shangazi, nyuma ya mlango.